Nyanda za Mwezini na Mawe ya Rwamgasa

Katika vifusi vinavyorundikwa kando ya maduara ya wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, mkoani Geita, hutupwa kila siku jiwe la kijani kilichokoza hata kukaribia weusi, ambalo halina mnunuzi wala mtu wa kulitazama mara mbili, kwa kuwa si mbale yenye dhahabu na halistahili gharama ya kusagwa kwa karasha; nalo, pamoja na unyonge huo, ni lava iliyotoka tumboni mwa ardhi ikatandaa na kupoa katika zama ambazo duniani hapakuwa na mti, wala samaki, wala mnyama wa aina yoyote. Shukrani Manya na Makenya Maboko, wataalamu wa miamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizipima basalti, yaani lava za namna hii, za eneo hili kwa njia ya elementi za samariamu na neodimiamu, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba umri wake ni miaka milioni 2,823, kwa kadirio linaloweza kupanda au kushuka kwa miaka milioni 44. Mwezi Juni mwaka 2024 chombo cha Wachina kiitwacho Chang'e 6 kilitua upande wa mwezi ambao hauonekani kutoka duniani, kikachota gramu 1,935.3 za udongo na changarawe, na vipande vya basalti vilivyomo humo vilipopimwa vikaonekana kuwa na umri wa miaka milioni 2,807. Hakuna uhusiano wa sababu baina ya mambo haya mawili, wala sitaki msomaji adhani kwamba upo. Lakini ni kweli kwamba zama zile zile lava ilipokuwa ikitandaa hapa Rwamgasa, kule juu nako lava ilikuwa ikijaza shimo kubwa lisilo na shahidi.

Lililo muhimu kwa mtu anayeishi juu ya mawe haya ni kujua jinsi wataalamu walivyoweza kuchora ramani ya miamba ya mahali wasipopata kupakanyaga, wakataja kipi kilitangulia na kipi kilifuata, kwa sababu sanaa hiyo ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa kutafuta dhahabu chini ya mbuga zetu.

Mwezi mpevu, hata kwa jicho tupu, huonekana una sehemu mbili: nyanda nyeusi na nchi ya juu iliyo nyeupe. Nyanda nyeusi ndizo ambazo Giovanni Riccioli, mwanafalaki wa Kiitalia, alizipa majina ya bahari katika ramani yake ya mwaka 1651, naye aliyagawia mashimo majina ya wanachuoni, wakiwamo wengi wa Kiislamu, kama vile al-Battani, al-Farghani na Abulfeda, mwanajiografia wa Sham, ambaye shimo lake tutalikaribia baadaye. Bahari hizo hazina tone la maji, ni basalti. Nazo hazikugawanywa kwa usawa, maana katika uso unaotuelekea zimefunika karibu thuluthi, ilhali upande wa pili hazifiki hata sehemu tatu katika mia.

Kwa muda mrefu wanachuoni wengi waliamini kwamba mashimo ya mwezini ni vinywa vya volkano, na Mtanzania aliyepata kusimama ukingoni mwa Ngorongoro hawezi kuwalaumu, kwa kuwa kreta ile, yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, ina umbo la mviringo, kuta zilizosimama na sakafu bapa, sawasawa na mashimo mengi ya mwezini. Nayo ni volkano iliyojibomokea yenyewe baada ya kutapika yaliyokuwamo ndani. Mwaka 1892 Grove Karl Gilbert, mjiolojia mkuu wa Marekani, aliutazama mwezi kwa darubini usiku baada ya usiku, na mwaka uliofuata akaandika kwamba mashimo yale ni makovu ya vitu vilivyoanguka kutoka angani. Aliona pia jambo lililowapita wenzake: mifereji na matuta yanayotawanyika kama miale kutoka katika bonde kubwa la Imbrium, dalili ya kishindo kimoja kilichorusha mawe pande zote. La ajabu ni kwamba Gilbert huyu huyu alikuwa amelichunguza shimo la Arizona, ambalo leo linajulikana kuwa ni la kimondo, akahukumu kwamba lilitokana na mlipuko wa mvuke chini ya ardhi. Aliusoma mwezi vizuri kutoka mbali na akakosea kusoma shimo alilolikanyaga. Ithibati ya shimo la Arizona ilipatikana mwaka 1960, pale Eugene Shoemaker na wenzake walipoonyesha ndani ya mchanga wake madini ya koesaiti, ambayo huzaliwa kwa mgandamizo mkubwa mno usioweza kutolewa na volkano.

Mgongano unaochimba bonde si jambo la kulinganishwa na kimondo kinacholala Mbozi, mkoani Songwe, kipande cha chuma na nikeli chenye urefu wa mita 3 hivi ambacho hewa ya dunia ilikipunguzia kasi kabla hakijatua. Miili iliyochimba mabonde ya mwezini ilikuwa na upana wa makumi ya kilomita na zaidi, ikafika kwa kasi ya kilomita nyingi kwa kila sekunde, mahali pasipo hewa ya kuizuia. Na hapo jabali halivunjiki tu, bali kwa dakika chache huenda kama kiowevu, likainuka na kuporomoka, na kuacha duru za milima zinazozungukana. Bonde la Orientale, lililo ukingoni mwa uso tunaouona, ndilo lililohifadhika vizuri kuliko yote. William Hartmann na Gerard Kuiper walitambua duru zake mwaka 1962 kwa kuangazia picha za mwezi juu ya tufe jeupe na kulitazama ubavuni, na mwaka 1967 chombo cha Lunar Orbiter 4 kikapiga picha iliyoondoa shaka. Duru yake ya nje ina upana wa kilomita 930 hivi, ukubwa unaozidi mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Geita. Bonde la Ncha ya Kusini na Aitken, ambamo Chang'e 6 kilitua, hukaribia kilomita 2,500.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa kudhani kwamba bonde na uwanda uliomo ndani yake ni kitu kimoja kilichotokea siku moja. Shoemaker na Robert Hackman, katika kazi yao ya mwaka 1962 iliyoweka msingi wa historia ya mwezi, walikanusha dhana hiyo kwa shimo moja tu, liitwalo Archimedes. Shimo hilo, lenye upana wa kilomita 80 hivi, limo ndani ya bonde la Imbrium, kwa hiyo lilichimbwa baada ya bonde kuwapo. Lakini sakafu yake imejaa lava, na mawe lililoyarusha pande zote yamefunikwa na lava ile ile ya uwandani, kwa hiyo lilikuwapo kabla lava haijatandaa. Kati ya kishindo cha bonde na kujaa kwa uwanda ulipita basi muda wa kutosha kwa Archimedes kuzaliwa, na vipimo vya mawe vimekuja kuthibitisha kwamba muda huo ulikuwa mrefu: bonde la Imbrium lina umri wa miaka milioni 3,900 hivi, na lava nyingi zilizomo zilifuata kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Mchimbaji wa Rwamgasa, hata kama hakupata kuingia darasa la jiolojia, anaijua hoja hii kwa mikono yake. Akishuka duarani akakuta mkanda mweupe wa jiwe la kwatzi umelikata jiwe la kijani, hahitaji kuambiwa kwamba la kijani lilitangulia, maana kitu hakiwezi kukatwa kabla hakijakuwapo.

Pasipo mkato wala kifuniko cha kuamua, wachoraji wa ramani ya mwezi huhesabu mashimo. Uwanda uliokaa muda mrefu chini ya mvua ya vimondo hupata makovu mengi kuliko uliotandaa juzi, na hesabu hiyo hutoa utaratibu wa umri, ingawa haitoi miaka mpaka yapatikane mawe ya kupimwa. Mawe ya safari za Apollo, kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, yalitoa miaka hiyo kwa zama za kale, na yale ya chombo cha Wachina cha Chang'e 5 ya mwaka 2020, yenye umri wa miaka milioni 2,000 hivi, yakaziba pengo kubwa la katikati.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwa rai yangu kingepaswa kufundishwa kila mahali wanapofundishwa wachora ramani. Katika nchi ya juu ya mwezi, karibu na shimo la Abulfeda, zipo nyanda zinazong'aa kuliko zile nyeusi, bapa, zilizotulia katika mabonde baina ya vilima, zikaitwa nyanda za Cayley. Na kando yake viko vilima vya Descartes vyenye umbo la kuvimba. Wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, watu makini waliokuwa na picha nzuri na uzoefu mwingi, walizichora nyanda hizo kuwa ni lava au jivu la volkano, na vilima kuwa ni lava nzito isiyotiririka mbali. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kitu bapa kilichojaza mabonde kwa usawa, ukikiangalia kutoka juu, hufanana na kitu kilichomiminika. Kwa ajili ya kuzipata volkano hizo, Apollo 16 ilipelekwa huko mwezi Aprili mwaka 1972.

Wanaanga John Young na Charles Duke walikaa huko karibu siku tatu, wakaendesha gari lao zaidi ya kilomita 26 na kuokota kilo 95 na ushei za mawe, nao walikuwa wamefunzwa mpaka kuitambua lava kwa kuitupia jicho. Tangu matembezi ya kwanza waliona kwamba lava haipo. Kila walipogeuka palikuwa na mawe ya vipande vipande, pembe kali za jiwe jeupe zilizoshikanishwa na unga wa jiwe lililosagwa na pengine kuyeyuka, kazi ya mgongano na si ya moto wa ardhini. Jiwe kubwa kuliko yote lililopata kuletwa duniani kutoka mwezini, lenye kilo 11.7, lilitoka pale, na likapewa jina la utani la Big Muley kwa heshima ya Bill Muehlberger, aliyewaongoza wajiolojia wa safari ile. Nalo ni la namna hiyo hiyo ya vipande vilivyogandamana. Ramani ilibidi ichorwe upya. Nyanda zile zilitambuliwa kuwa ni vifusi vya mabonde makubwa, vilivyorushwa kutoka mamia ya kilomita, vikaanguka, vikachanganyika na udongo wa mahali na kutuama mabondeni. Na kwa kuwa nyanda za namna hiyo zimetapakaa pengi mwezini, safari moja ilibadilisha maana ya sehemu kubwa ya ramani. Wachoraji wenyewe walilikubali jambo hilo hadharani na kwa haraka, na kwa hilo nawastahi sana.

Ramani ya miamba, kwa hiyo, ni dai, na nyundo ndiyo kadhi wake. Katika Usukuma na Geita dai hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwamba wetu imefunikwa na udongo mweusi wa mbuga au changarawe nyekundu, na anayetembea juu yake haoni jiwe kwa mwendo wa saa nzima. Kati ya mwaka 1977 na 1980 ndege zilipita juu ya nchi zikipima usumaku na mnururisho wa miamba, na mpaka leo vilima vya mawe ya chuma yenye mistari vya Geita, pamoja na mikanda yake iliyozama chini ya udongo, hufuatwa kwa vipimo hivyo. Mwezini nako, mwaka 1968 Paul Muller na William Sjogren waligundua kwamba vyombo vilivyopita juu ya nyanda nyeusi vilivutwa kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mwaka 2012 vyombo pacha vya GRAIL vilichora mvutano wa mwezi wote, vikadhihirisha mabonde ya kale yaliyofukiwa hata hayaonekani kwa picha. Lakini kipimo cha angani hakisemi jiwe ni la namna gani. Husema tu kwamba hapa pana jambo.

Mtu ataniuliza kama basi kule kwenye basalti ya mwezini yenye umri kama wa mawe yetu kuna dhahabu. Dhahabu ya Rwamgasa haikuja na lava. Ililetwa baadaye na maji ya moto yaliyopanda katika nyufa, yakaacha kwatzi na dhahabu njiani, na ni maji na joto vya ardhini vilivyoigeuza basalti nyeusi kuwa ya kijani kwa kuzalisha ndani yake madini ya kloraiti. Basalti ya mwezini haikupata kuloweshwa kwa maji ya namna hiyo. Ukiikata na kuitazama kwa hadubini, fuwele zake bado ni safi kama siku zilipoganda. Mikanda ya dhahabu kama ya kwetu haitarajiwi kule.

Nina ombi kwa walimu wa jiografia wa shule za Geita na Shinyanga. Zile gramu 1,935.3 zilizoletwa kutoka upande wa pili wa mwezi zimehifadhiwa katika maabara huko Uchina. Jiwe la rika la basalti iliyomo humo limerundikwa kwenye vifusi vya Rwamgasa, na halina bei. Muombeni mwenye duara kipande kimoja, kivunjeni mbele ya wanafunzi ili waone kijani cha ndani na kutu ya nje, kisha kiwekeni juu ya kabati la darasa kikiwa na karatasi inayotaja mahali kilipotoka na umri wake. Na anayetaka ramani ya miamba ya eneo lake aiulizie Dodoma, katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, kisha aende nayo porini akiwa na nyundo.