Punda Si Ng'ombe: Tahadhari Juu ya Dawa za Vijidudu vya Damu

Ndugu mkulima wa Katelembo, punda mmoja hubeba mitungi minne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80 kwa safari moja. Akiugua, mzigo huo huwarudia mama na watoto. Kwa hiyo si ajabu mwenye punda kuikumbuka ile chupa ya dawa iliyobaki siku ng'ombe alipotibiwa. Twakusihi usiiguse chupa hiyo kabla hujasoma maneno haya.

Ugonjwa wenyewe

Punda na farasi wana ugonjwa wao wa damu uletwao na kupe. Kijidudu chake kikubwa huitwa Theileria equi. Huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Bwana Laveran, Mfaransa aliyeona vijidudu vya malaria huko Aljeria mwaka 1880, ndiye aliyekipa kijidudu hiki jina lake la kwanza mwaka 1901.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Punda wa Nuu, katika Kitui, walipimwa damu, na taarifa iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba wengi wao walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Punda wengi hukaa na kijidudu hiki bila kuonyesha dalili. Lakini kazi nyingi na njaa ya kiangazi huweza kuuamsha ugonjwa.

Dalili zake

Punda huacha kula, huchoka upesi, na ufizi wake huwa mweupe au wa manjano. Pengine mkojo huwa mwekundu. Mpime joto asubuhi na mapema. Joto la ng'ombe mzima ni kama digrii 38.5, lakini la punda mzima ni kama 37. Basi kipimo kinachoonyesha kwamba ng'ombe ni mzima, kwa punda ni homa.

Hatari ya dawa

Dawa itumiwayo sana ni imidokabu, ile ile inayotibu mkojo mwekundu wa ng'ombe. Farasi huweza kustahimili kiasi kikubwa kidogo, lakini punda ni dhaifu mbele ya dawa hii. Ikizidi, hutokwa na mate mengi, huumwa na tumbo na kuhara, na ini na figo huharibika. Wako punda waliokufa kwa kipimo cha farasi.

Fanya hesabu mwenyewe. Dawa iliyopimwa kwa ng'ombe wa kilo 350, ukimpa punda wa kilo 130, kila kilo ya mwili wake imepata zaidi ya mara mbili na nusu. Tena, kijidudu hiki ni ndugu wa kile cha ndigana kali, lakini dawa ya ndigana haitegemewi kumponya punda. Na kama homa ni ya nagana, iletwayo na mbung'o, dawa yake ni nyingine kabisa.

Mambo ya kufanya

1. Mpumzishe punda siku hiyo hiyo. Mpe kivuli, maji na majani mabichi.

2. Mwite daktari wa mifugo kabla ya sindano yo yote. Atachukua tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, ajue ni kijidudu gani.

3. Mwambie dawa zote ambazo punda amekwisha kupewa, na punda apimwe uzito kwa utepe wa kifuani, si kwa macho.

4. Akipona, usimrudishe kazini kwa haraka. Damu iliyopotea hairudi kwa siku mbili, na kijidudu huweza kubaki mwilini maisha yake yote.

5. Mtoe kupe kwa mkono masikioni, kwenye manyoya ya shingo na chini ya mkia. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe yenye amitrazi, kwa maana huyafunga matumbo ya punda na farasi.

Gharama ya daktari ni nzito, twajua. Lakini ilinganishe na bei ya punda mwingine, na safari za maji zitakazofanywa kwa miguu mpaka umpate. Ile chupa iliyobaki ilikuwa ya ng'ombe. Na ibaki kuwa ya ng'ombe.