Ramani ya mtaa wako inachorwa na nani?

Ukitaja Rongai, wengi hudhani ni Ongata Rongai ya Kajiado. Hapa tunaongea kuhusu ile nyingine, Rongai ya Nakuru, ya reli na mashamba ya mahindi. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 1, 2021. Jiji likikua, miji ya pembeni nayo hukatwa ploti. Je, nani huamua barabara ipite wapi, mtaro uelekee wapi na nani ahame?

Wakazi wa Mukuru, Nairobi, walilijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mtaa huo kuwa eneo la mipango maalum. Wataalamu hawakujifungia ofisini. Muungano wa Wanavijiji, vyuo vikuu na mashirika mengine, zaidi ya 40 kwa jumla, waliketi na wenyeji. Nyumba 10 ziliunda kundi moja, makundi 10 yakaungana, na wawakilishi wakapeleka maoni mbele. Hapo ndipo yalijitokeza mambo ambayo ramani haionyeshi. Kwa mfano, mtu wa mabanda alikuwa akilipia maji ghali kuliko mkazi wa mtaa wa kifahari. Tena, viwango vya kawaida vya upana wa barabara vingefuatwa kama vilivyo, wengi wangebomolewa keja zao.

Huku Bonde la Ufa, ujuzi wa wenyeji ni suala la usalama pia. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulikata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Mzee aliyelima sehemu moja maisha yake yote anajua maji hupita wapi na ardhi hudidimia wapi. Fundi anajua udongo upi unashika. Msanifu ana hesabu za nguzo na paa. Hakuna anayetosha peke yake.

Ujuzi ukigawanywa, hata gharama hushuka. Tofali la udongo na saruji kidogo, likishindiliwa kwa mashine, halichomwi kwa kuni. Vijana wakijifunza kazi hiyo, pesa za mjengo zinabaki mtaani.

Katiba ya 2010 inatambua haki ya makao bora (Kifungu cha 43) na ushiriki wa wananchi (Kifungu cha 10). Kwa hivyo ukiona tangazo la kikao cha maoni limebandikwa kwa ofisi ya chifu, usilipite. Nendeni kikundi kizima, muitishe ramani, muulize mtaro uko wapi. Mkinyamaza, itachorwa tu.