Picha ya Nyonga ya Mtoto Mchanga: Umri Ndio Huamua Kipimo

Kasoro ya ukuaji wa nyonga ni hali ambayo kishimo cha nyonga hakina kina cha kutosha kukishika kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa hicho hulegea, na pengine huchomoka kabisa. Kwa kuwa mtoto mchanga haumwi, hali hii huweza kufichika mpaka aanze kutembea kwa kuchechemea, wakati ambapo tiba aghalabu huhitaji upasuaji.

Uchunguzi huanza kwa mikono. Paja lisilofunguka sawa na la upande wa pili, au mguu unaoonekana mfupi, ni dalili za kutiliwa maanani. Hata hivyo, mtoto aliyetanguliza makalio tumboni, au aliye na mzazi au ndugu mwenye kasoro hii, anastahili kupigwa picha hata kama nyonga zake zinaonekana timamu.

Picha ipi? Katika miezi ya mwanzo kichwa cha mfupa wa paja ni gegedu tupu, na gegedu halionekani katika eksirei. Kwa hiyo, eksirei ya mtoto wa mwezi mmoja isiyoonyesha kasoro si uthibitisho wa usalama. Kipimo kifaacho ni ultrasaundi, ambayo haitumii mionzi na hulionyesha gegedu waziwazi. Mwaka 1980 Reinhard Graf, daktari wa mifupa wa Austria, alieleza namna ya kupima kwa ultrasaundi pembe ya paa la kishimo: digrii 60 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kawaida.

Mtoto asiye na dalili hupimwa vyema akiwa na wiki 6 hivi, kwani kabla ya hapo nyonga nyingi huonekana legevu, kisha hukomaa zenyewe. Nyonga inayochomoka wakati wa uchunguzi haisubiri. Mtoto apelekwe kwa bingwa mapema.

Kuanzia miezi 4 hadi 6, kiini cha mfupa huanza kuonekana ndani ya gegedu, na hapo eksirei huwa na manufaa. MRI hutumika hasa baada ya nyonga kurudishwa na kufungwa plasta, ili kuhakikisha imekaa mahali pake.

Kasoro ikigunduliwa kabla ya miezi 6, mikanda laini inayoyaweka mapaja wazi huwatosha watoto wengi. Mzazi anayekabidhiwa majibu ya picha na aulize: je, kipimo hiki kinalingana na umri wa mwanangu?