Mcheshi wa Askari

Wasomaji wetu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa kazi ya mcheshi. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu washindanapo kwa ngoma, kila upande huwa na watu wake wa vituko, nao watazamaji hawaamriwi na mtu. Wakichoka huku, huhamia kule. Ushindi ni wa kundi lenye umati.

Hukumu hiyo ya miguu imetukumbusha habari za Bob Hope, Mmarekani aliyezaliwa Uingereza mwaka 1903 na kufariki mwaka 2003, akiwa ametimiza miaka mia moja. Alianza kuwachekesha askari mwezi Mei 1941, katika kambi ya March Field, California. Mwaka 1943 alikuwa Afrika ya Kaskazini na Sicily, mwaka 1950 Korea, na kila Krismasi toka 1964 hadi 1972 alikuwa Vietnam. Hata mwaka 1990, mzee wa miaka 87, aliwafuata askari Ghuba ya Uajemi.

Haikuwa kazi ya raha. Tarehe 24 Desemba 1964 bomu liliilipua hoteli ya Brinks mjini Saigon, walimokaa maofisa wa Kimarekani, naye yu njiani kuingia mjini. Askari walipokusanyika, aliwaambia kwamba alipishana na hoteli ikienda upande wa pili. Wakacheka. Kwa ushujaa huo twamheshimu, tena bila kinyongo, ingawa vita vile Mwalimu Nyerere alivipinga waziwazi, na kwa haki.

Lakini Hope hakuridhika kuwa mcheshi tu. Alivitetea na vita vyenyewe. Desemba 1969, huko Lai Khe, alipowaambia vijana kwamba Rais Nixon anao mpango wa kuleta amani, walimzomea. Walewale aliowasafiria maelfu ya maili! Askari hana ruhusa ya kuhamia ngoma nyingine; sauti ndiyo miguu yake.

Sisi wa kando ya Ziwa twalielewa jambo hili. Katika Vita Kuu ya Pili watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengine wakafika Burma. Kikosi cha burudani cha KAR nacho kilifika huko, pamoja na Fundi Konde na gitaa lake. Mwaka 1978 tuliwaona tena vijana wakipita Mwanza kwenda Kagera. Mtu wa namna hiyo hupokea wimbo na mzaha kwa shukrani, maana humrudisha kwao kwa muda wa saa moja. Hotuba iliyovikwa mzaha huitambua upesi.

Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilimpa Hope heshima ya askari mstaafu, yeye asiyepata kuandikishwa jeshini. Hatudhani kwamba wale wa Lai Khe waliulizwa.