Tangi la bahari Johannesburg: Kabla ya kununua mashine ya povu, fikiria umeme na hewa

Na Mwandishi Wetu, Johannesburg

MTU aliyezaliwa Shimoni au Bagamoyo atacheka akisikia kwamba hapa Johannesburg, mji ulio karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 550 kwa barabara kutoka Durban, kuna watu wanaotengeneza bahari sebuleni. Chumvi wananunua kwa ndoo, takriban kilo 35 kwa kila lita 1,000 za maji. Samaki wanaletwa kwa ndege.

Nasi tumo katika kundi hilo. Mtu akikaa mbali na kwao hutafuta cha kumkumbusha kwao, na sisi tulichagua samaki.

Mwaka 2023, mgawo wa umeme ulipokuwa mkali kuliko miaka yote hapa Afrika Kusini, tangi letu la lita 300 lilizimika usiku tukiwa tumelala. Asubuhi tulikuta samaki wanne wanaelea. Mmoja alikuwa kangaja mdogo wa buluu, aina inayoishi pia kwenye matumbawe ya pwani yetu. Ndiyo maana jamaa yetu mmoja anayefungua mgahawa alipotuomba ushauri juu ya tangi lake jipya la lita 1,200, hatukuanza na bei wala jina la kampuni.

Swali lake lilikuwa moja: anunue skima ipi?

Msomaji asiyeijua skima akumbuke sufuria ya maharage. Yakichemka, uchafu hupanda juu na povu, na mpishi huengua. Au akumbuke povu la rangi ya manjano linalosukumwa ufukweni wakati wa kusi. Mawimbi yanapochanganya hewa na maji ya chumvi, protini na mabaki mengine ya viumbe hunasa kwenye viputo. Skima hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya bomba. Pampu huvuta hewa, pangaboi lenye vijisindano huikatakata kuwa viputo vidogo sana, povu hupanda kwenye shingo na kumwagika ndani ya kikombe. Uchafu unatoka kabla haujaoza na kuwa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Katika maji baridi kifaa hiki hakifai kitu, kwa sababu viputo huungana upesi na kuwa vikubwa.

Tulimweleza jamaa yetu hivi.

Kwanza, asiamini lita zilizoandikwa kwenye boksi. Muuzaji akiandika “hadi lita 2,000”, mara nyingi anahesabu tangi lenye samaki wachache. Kinachochafua maji ni idadi ya samaki na chakula wanachopewa. Tangi la mgahawa huwa na samaki wengi wakubwa, na wateja hupenda kuwaona wakila. Kwa lita 1,200 za namna hiyo, sisi tungechukua skima iliyoandikiwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya maji yaliyopo.

Pili, kubwa kupita kiasi nayo ni hasara. Shingo pana inahitaji uchafu wa kutosha ili povu lisimame na kupanda. Uchafu ukiwa kidogo, povu hupanda leo na kesho likashuka, na fedha zimekwenda.

Tatu, asitarajie miujiza. Ken Feldman, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, alipima skima kadhaa mwaka 2009 na 2010. Hakuna iliyoondoa zaidi ya takriban theluthi moja ya kaboni ya mabaki ya viumbe iliyomo majini, na tofauti kati ya aina moja na nyingine hazikuwa kubwa. Kubadilisha maji na kulisha kwa kiasi kubaki pale pale.

Nne ni hewa, na hapa Johannesburg si sawa na Mombasa. Katika mwinuko huu shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 18. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 yanaweza kubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita pale pwani, lakini hapa ni kama 5.5 tu. Samaki wetu wanaanza siku wakiwa na akiba ndogo. Kwa hiyo skima hapa ni fagio, na ni pafu pia. Kati ya mbili zinazolingana, tungechagua inayovuta hewa nyingi zaidi kwa saa huku ikitumia wati chache.

Tano ni umeme, na hapo ndipo tulipojifunza kwa msiba. Tangu Machi 2024 mgawo wa kitaifa umepungua sana, ingawa ulirudi kwa vipindi vifupi mwaka 2025. Hata hivyo nyaya za mitaani bado huharibika na kuibwa. Skima nyingi hukaa kwenye tangi la chini, ndani ya kabati. Pampu ya kupandisha maji ikizimika, hata ukiiwekea skima betri, hewa yake haiwafikii samaki walioko juu. Betri ya kwanza iwe ya pampu ndogo ya hewa iliyomo kwenye tangi la samaki wenyewe. Vilevile, umeme ukikatika maji hushuka na kujaza tangi la chini. Ukirudi ghafla, skima huwaka ikiwa imezama na kumwaga uchafu wote. Iwekewe saa ya kuichelewesha dakika kumi.

Jamaa yetu alikuwa ameshaipenda skima kubwa ya kuringia wageni. Alinuna kidogo, kisha akachukua ya kati, na fedha iliyobaki akanunulia betri. Wiki ya kwanza alitupigia simu akilalamika kwamba hakuna povu. Tukamwambia asubiri, kwani skima mpya huhitaji wiki moja au mbili kuzoea maji. Siku ya kumi kikombe kilikuwa na maji meusi kama chai ya mkandaa. Sasa anasafisha shingo kila baada ya siku tatu.

Kati ya Kilifi na Shimoni, pwani ya Kenya, wapo wazamiaji wanaoishi kwa kukamata samaki wa mapambo na kuwauza nje. Samaki akishatolewa kwenye mwamba wake hana pa kurudi. Anayemnunua ana deni la kumpa maji safi na pumzi, hata usiku ambao mtaa mzima uko gizani. Sisi deni hilo tulishindwa kulilipa mara moja.