Umeme wa Jua Nyumbani: Kuchagua Inveta kwa Kadiri ya Nyumba (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza habari za paneli zinazopokea nguvu ya jua na za betri zinazoiweka akiba, tukaahidi kwamba juma hili tutakiendea chombo cha tatu, ambacho ndicho kiulizwacho zaidi na watu wa Kilimarondo na vijiji vya jirani katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, nacho ni inveta. Aghalabu swali huja katika msimu wa korosho, fedha za mnada zikiisha kuingia mkononi, na huja kwa namna moja: "Ninunue inveta ya wati ngapi?" Ni swali la haki, lakini limekaa mahali pa swali jingine lipaswalo kulitangulia, yaani nyumba yenyewe yahitaji nguvu kiasi gani, kwa saa ngapi, na kwa vyombo vipi. Aliyejibu hili la pili amekwisha kulijibu la kwanza. Na aliyelikimbilia la kwanza hununua ama chombo kisichomtosha, ama chombo kinachomlia betri usiku na mchana.

Nchi yetu ya kusini inao ushahidi mkubwa wa taksiri ya namna hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yakashushwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kutoka pwani kuja bara, ilhali mvua na udongo havijapimwa kwa miaka ya kutosha. Ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umevunjwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli nayo haikudumu muda mrefu baada ya uhuru. Mitambo ilitangulia, kipimo kikafuata nyuma. Na mwenye nyumba anunuaye inveta ya wati 3000 kwa ajili ya taa sita na runinga moja afuata njia ile ile, japokuwa hasara yake yahesabiwa kwa shilingi na wala si kwa pauni.

Amma kazi ya chombo hiki ni kama ifuatavyo. Paneli na betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, ambao hupita upande mmoja daima pasipo kugeuka, tena kwa mkazo mdogo wa volti 12, 24 au 48. Vyombo vingi vya dukani, kama vile runinga, jokofu, feni na mashine ya kinyozi, vimeundwa kwa mkondo geu wa volti 230, ambao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde, mfano wa msumeno wa watu wawili wapasuao gogo: hauondoki pale ulipo, na mbao zapatikana. Inveta huukata mkondo mnyoofu kwa swichi ndogo za elektroniki zinazofunguka na kujifunga kwa kasi isiyodirikiwa na jicho, huupandisha mkazo, kisha huutoa ukiwa na umbo linalokaribiana na lile la umeme wa TANESCO. Kazi hiyo haifanywi bure. Inveta njema hupoteza kama sehemu 10 katika kila 100 za nguvu ipitayo ndani yake, hafifu hupoteza zaidi, na nguvu iliyopotea ndiyo joto ulisikialo uwekapo kiganja juu ya mfuniko wake.

Natuitwae nyumba moja ya mfano tuipigie hesabu. Ina taa 6 za LED, kila moja ya wati 7, ziwakazo saa 5 kila usiku: hizo ni wati-saa 210. Ina runinga ya wati 50 na king'amuzi cha wati 15, vitumikavyo saa 4: wati-saa 260. Ina simu nne, ambazo kuzijaza zote hakuzidi wati-saa 40. Jumla ya siku nzima ni wati-saa 510. Tena, hata vyombo vyote vikiwashwa kwa wakati mmoja, mzigo haufiki wati 150. Kwa nyumba hii inveta ya wati 300 yatosha na kubakiza. Sasa mwenye nyumba ashauriwe dukani achukue ile ya wati 3000 "ili awe na nafasi". Inveta kubwa, hata pasipo kuchomekwa kitu, hujilisha yenyewe kwa betri. Si ajabu ikala wati 25 muda wote ikiwa imewashwa tu. Wati 25 kwa saa 24 ni wati-saa 600. Chombo kilichonunuliwa kihudumie nyumba chala zaidi ya nyumba nzima, na katika siku za mawingu za Januari na Februari, mvua yetu moja ya mwaka inapokuwa katika kilele chake na paneli zapata jua la vipande vipande, betri hupatikana tupu kabla ya jogoo wa kwanza, na lawama hutupiwa betri.

Kwa sababu hiyo nashikilia rai ambayo wauzaji wengi hawaipendi: taa za nyumba zisipitishwe katika inveta kabisa. Taa za volti 12 zinapatikana, huunganishwa moja kwa moja kwenye kontrola ya chaji, hazipotezi kitu katika kugeuzwa, na siku inveta itakapokufa nyumba haitarudi kwenye kibatari. Inveta iachiwe runinga, kompyuta, mashine ya kunyolea na vingine visivyokubali ila mkondo geu, na kazi ikiisha izimwe kwa swichi yake yenyewe. Kukizima chombo kilichochomekwa tu hakutoshi.

Hesabu hugeuka likiingia jokofu. Jokofu dogo lililoandikwa wati 100 lina mota ndani yake, na mota inapoanza kuzunguka hudai nguvu mara tatu, pengine hata mara saba, ya ile iliyoandikwa, kwa muda mfupi usiozidi kupepesa macho. Inveta isiyoweza kulistahimili dai hilo hulia na kujizima, nawe utaghururika kudhani jokofu ni bovu. Mwenye duka atakaye kuuza maji baridi na soda, sharti atafute inveta ya wati 1000 inayostahimili 2000 kwa muda wa sekunde chache, tena aongeze paneli na betri kwa kadiri yake, kwa kuwa katika joto la kusini jokofu moja laweza kula kwa siku kuliko taa na runinga kwa pamoja.

Kisha kuna suala la umbo la wimbi, ambalo ndilo lililojaa ghashi nyingi. Mkondo geu halisi hupanda na kushuka kwa mviringo laini. Inveta itoayo umbo hilo huitwa ya wimbi safi. Inveta rahisi hazitoi mviringo, bali hutoa ngazi: mkazo wapanda ghafula, watulia, washuka hadi sifuri, wageuka. Taa, pasi na chaja nyingi za simu hazijali tafauti hiyo. Lakini feni huvuma, subufa hutoa mngurumo chini ya muziki, mashine ya kinyozi hupata moto mkononi, na mota ya jokofu huchemka na kufupisha umri wake. Mwenye taa na simu peke yake hana sababu ya kulipia wimbi safi. Mwenye mota yoyote ndani ya nyumba asiikubali ile ya ngazi hata akipewa kwa nusu ya thamani.

Ghashi nyingine ni ya tarakimu zenyewe. Nyuma ya inveta nyingi za bei ndogo huonekana fyuzi zimepangwa, na juu ya kila moja imeandikwa idadi ya ampea. Zihesabu, zidisha kwa ampea zake, kisha zidisha kwa volti za betri. Ukikuta fyuzi nne za ampea 30 katika inveta ya volti 12, utapata ampea 120 mara 12, yaani wati 1440; na ikiwa mfuniko wajinadi kwa wati 3000, basi mfuniko wasema jambo ambalo fyuzi zake zitaungua kabla halijatimia. Pengine tarakimu kubwa ni ya ule ustahimilivu wa sekunde chache, nayo imewekwa mahali pa nguvu ya kudumu. Mwulize muuzaji waziwazi wati za kudumu ni ngapi, taka risiti na dhamana ya maandishi, tazama alama ya TBS, na asiyeweza kujibu usimpe fedha yako.

Volti za betri nazo zina hukumu yake. Kupata wati 1000 kwa volti 12 sharti zipite ampea zaidi ya 83 katika waya. Kwa volti 24 zatosha kama 42, na kwa volti 48 kama 21. Kadiri ampea zizidivyo ndivyo waya uhitajivyo unene, na waya mwembamba wa taa uliofungwa baina ya betri na inveta kubwa huyeyusha ganda lake, jambo ambalo chini ya paa la nyasi ni msiba. Basi nyumba isiyozidi wati 1000 na ikae katika volti 12, inayozidi hapo ihamie 24, na mwenye mzigo wa kufikia wati 3000 na zaidi aanze moja kwa moja na 48. Waya wa kutoka betri uwe mnene, uwe mfupi, na uwe na fyuzi karibu na ncha chanya ya betri.

Uliza pia inveta hujizima betri ikifika volti ngapi. Nyingi zimepangwa kukata katika volti 10.5, ilhali betri ya risasi iliyotulia ikionyesha 12.1 imekwisha kutumika nusu, na kuinyonya chini ya hapo kila usiku ni kuiua kwa mkono wako. Bora ile ikuruhusuyo kuupandisha mpaka huo.

Mahali pa kuiweka pana taksiri moja ambayo ni yetu watu wa mikorosho. Magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho huhifadhiwa chumbani, na chumba hicho ndicho aghalabu huwekwa inveta kwa kuwa kina kufuli. Salfa na shaba havipatani: feni ya inveta huvuta vumbi lile ndani, nalo hula viungo vya shaba pole pole hata chombo kikafa pasipo sababu ionekanayo. Vivyo hivyo isiwekwe juu ya betri ya maji, inayotoa mvuke wa asidi na hewa iwezayo kuwaka ikipata cheche. Itundikwe ukutani, penye kivuli na hewa, mbali na bati la moto, kwa kuwa joto hupunguza wati iwezayo kutoa.

Kwa waliofikiwa na nyaya za TANESCO, ziko inveta changamano zinazopokea paneli, betri na umeme wa nyaya kwa pamoja. Ni nzuri, na bei yake ni kubwa. Lililo faradhi ni swichi ya kubadilishia inayozuia umeme wako usirudi katika nyaya za mtaani na kumkuta fundi juu ya nguzo akidhani umekatika.

La mwisho ni fundi. Usinunue inveta ambayo hapana mtu baina ya kijiji chako na Nachingwea mjini awezaye kuifungua. Ilimu hii haina mlango uliofungwa kwa watu wa vijijini: mwaka 2011 wanawake wa vijiji vya Lindi na Mtwara walisafiri hadi Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, wakakaa miezi sita katika Chuo cha Barefoot wakijifunza kuunda na kutengeneza mitambo ya jua, kisha wakarejea kwao kuifanya kazi hiyo. Kata yenye kijana mmoja au mama mmoja mwenye ilimu hiyo yapata faida kuliko kata yenye inveta kumi za gharama.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza habari za nyaya, fyuzi na fimbo ya ardhini. Aliyekusudia kununua msimu huu na aisubiri sehemu hiyo, na katika siku hizi saba aandike katika karatasi kila chombo cha nyumba yake, wati zake na saa zake, kisha aende dukani na karatasi hiyo mkononi.