Uchungu Haushushi Sukari

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni mmea tu. Ulianza mlonge, ukaja mwarobaini, sasa ni maji ya bamia iliyolowekwa usiku kucha na kutiwa shubiri. "Daktari, dawa zenu nakunywa lakini sukari haishuki. Nichanganye na kitu gani kichungu?" Nimeulizwa hivyo Ifakara mjini, nimeulizwa Mofu chini ya mwembe siku ya huduma ya mkoba, nimeulizwa kwa simu na mtu mwenye shahada mbili aliyeko Dar es Salaam. Nimeona nijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimkabidhi ukurasa huu na tuendelee na kazi.

Wanaouliza si mbumbumbu. Hoja yao ina mpangilio wake: sukari ni tamu, adui wa utamu ni uchungu, basi ukinywa kichungu cha kutosha sukari itakimbia. Ingekuwa kweli, wazee wanaokunywa kahawa chungu vijiweni wasingeugua kisukari. Wanaugua, tena sana.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima mwenye afya ana lita kama tano za damu, na sukari yote iliyoyeyuka humo ni takriban kijiko kimoja cha chai. Yule ambaye mashine yake inasoma 15 ana kama vijiko vitatu. Vijiko hivyo viwili vya ziada, vikikaa humo miaka, ndivyo vinavyoharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu, na si lazima viwe vimeingia mwilini kwa njia ya utamu. Wali mweupe wa Kilombero, huu tunaojivunia hadi Kariakoo, ulimini si mtamu; tumboni unaanza kugeuka glukosi kabla hujaosha sahani. Ugali nao vilevile. Togwa ndiyo kabisa: kile kimea kinauvunja wanga wa uji na kuufanya sukari, na ndiyo sababu togwa huwa nyepesi na tamu bila mtu kutia sukari hata punje. Mgonjwa ananiapia kwamba chai anakunywa kavu, mwaka wa tatu huu, halafu nikimuuliza mchana alikula nini naambiwa kilima cha ubwabwa na vikombe viwili vya togwa, "lakini haikuwa na sukari, Daktari."

Tena hata usipokula kitu, ini lako linatengeneza sukari usiku kucha na kuimwaga kwenye damu. Kwa asiye na kisukari, insulini huliambia ini lipunguze. Kwako wewe sauti hiyo ni hafifu au haipo, kwa hiyo unaamka, unapima kabla ya kula, unakuta 13, unaanza kumfikiria mchawi. Mwarobaini utalinyamazishaje ini kwa sababu tu ni mchungu? Ini halina ulimi.

Hapa wajuzi hunikatiza: mbona kwinini ilikuwa chungu na ilikuwa inashusha sukari? Kweli, ilishusha. Bonde hili lote linaikumbuka kwinini, na sisi wa wodini tunakumbuka wajawazito wenye malaria kali ambao sukari yao ilishuka ghafla wakiwa kwenye dripu. Kwinini hulichokoza kongosho limwage insulini. Hufanya hivyo ikipitia kwenye mshipa, bila kupita mdomoni, kwa hiyo uchungu wake hauhusiki.

Wala msiniambie nadharau miti. Metformini, kidonge ambacho karibu kila mgonjwa wangu wa kisukari amewahi kupewa, ukoo wake unaanzia kwenye mmea wa Ulaya unaoitwa Galega officinalis. Kemikali ya mmea ule ilishusha sukari kweli, ila ilikuwa na sumu. Wakemia wakatengeneza jamaa zake maabara, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuwatibu watu kwa metformini. Leo najua miligramu ngapi nakupa, najua figo zako zikichoka nipunguze kiasi gani, na najua itakusumbua tumbo wiki za mwanzo. Sasa niambie: kwenye konzi lako la majani ya mwarobaini kuna miligramu ngapi? Ya masika ni sawa na ya kiangazi? Ya mti wa karibu na choo ni sawa na ya mti wa shuleni? Aliyekuuzia hajui, na kibaya zaidi hajawahi kujiuliza.

"Lakini jirani yangu ilimshuka." Ndiyo, inaweza kumshuka. Mara nyingi jirani huyo hakuacha vidonge vya hospitali, alichanganya, na sifa zote zikaenda kwenye mti. Au dawa ilimchafua tumbo akashindwa kula siku mbili, na asiyekula wanga sukari itashuka tu. Au alipima jioni baada ya pilau ya harusi, akapima tena asubuhi kabla ya kula, akaita tofauti hiyo uponyaji.

Kuna na sababu nyingine, nayo ndiyo inayonipandisha hasira. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na wanne wakafa. Wengi walikuwa wamekunywa dawa za magendo za kuongeza nguvu za kiume, ambazo zilipopimwa zilikutwa na glibenklamidi, dawa ileile ya kisukari mnayoiita Daonil. Mwaka uliofuata, huko Xinjiang nchini China, vidonge vilivyouzwa kama dawa ya asili ya kisukari vilikutwa na glibenklamidi mara kadhaa zaidi ya kiwango kinachotakiwa, na watu wakafa pia. Kwa hiyo unaponisifia chupa isiyo na lebo iliyokushusha kutoka 22 hadi 6 kwa siku mbili, usitegemee nishangilie. Nikiwa nawe nitakuuliza kama uliwahi kutokwa na jasho jingi usiku na kuamka ukitetemeka.

Na msidhani haya ni ya watu wa kijijini peke yao. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mugariga, shilingi 500, kwa ukimwi, saratani, pumu na kisukari. Walikwenda wakulima, walikwenda na vigogo, magari yakapanga foleni ya kilomita kadhaa porini. Babu alifariki Julai 2021 na imani yake namwachia Mungu. Mimi swali langu ni la kitaalamu na hadi leo sijajibiwa: ugonjwa gani wa kongosho unatibiwa kwa dozi ileile, mara moja, kwa mtoto wa miaka kumi na kwa bibi wa miaka sabini?

Kwa sababu wapo ambao kongosho lao halitengenezi insulini kabisa, wengi wao watoto na vijana. Hawa wakiacha sindano, tunahesabu siku. Wataanza kutapika, tumbo litauma, watapumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi itanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nyumbani watapewa dawa ya malaria, kesho wataombewa, keshokutwa wataletwa kwangu mashine ikiandika HI kwa sababu namba zake zimeisha. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 wa Toronto, alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922. Kabla ya hapo madaktari wenzangu walikuwa wakiwashindisha njaa watoto kama huyo ili wasogeze kifo mbele kidogo. Anayeeneza kwamba "ukianza sindano umekwisha" anasahau kwamba wengi walioanza sindano wakafa walianzishwa wakiwa wameshachelewa, baada ya kuzunguka miti yote ya wilaya.

Sasa mbona haishuki? Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja, na majibu yake yanachosha kwa kuwa hayana miujiza. Mama mmoja wa Mofu alipandishiwa dozi ya insulini na kupandishiwa tena, sukari ikabaki juu. Nilimwomba afunue tumbo. Upande wa kulia wa kitovu palikuwa na uvimbe laini, ngozi imetuna na kung'aa kidogo. "Hapo hapaumi," akasema, ndiyo maana miaka yote alichoma hapohapo. Insulini ikiingia kwenye mafuta yaliyovimba namna ile hufyonzwa ovyo, leo haifiki, kesho inafika yote kwa mkupuo. Alihamia upande wa kushoto na mapajani, akawa anabadilisha kila siku, na haikupita muda ilibidi nimpunguzie dozi kwa sababu sukari ilianza kushuka mno. Hakuongezwa dawa hata moja.

Mwingine chupa yake aliificha juu ya kabati, chini ya bati, Novemba. Insulini iliyopikwa namna hiyo ni maji ya bei mbaya. Huna friji? Tumia mtungi wa udongo wenye unyevu, uwekwe kivulini, chupa ikiwa ndani ya mfuko mkavu. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi huko Dagahaley, kambi ya Dadaab nchini Kenya, wakachapisha mwaka 2021 kwamba insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 haikupoteza nguvu ya kuhesabika. Jua kali na bati ndivyo vya kukimbia. Ile nyeupe ya mchanganyiko iviringishe viganjani, usiitikise. Ikibaki na mabonge, itupe.

Mengine nayataja haraka. Unagawa vidonge vya mwezi viwe vya miezi miwili kwa sababu ya pesa? Sema, kuna dawa za bei nafuu na kuna njia, lakini nisipojua nitakuongezea dozi usiyoinywa. Unameza dexa ili unenepe nyonga, au unapaka krimu ya kung'arisha? Hizo nyingi zina steroidi na zinapandisha sukari. Kikohozi cha wiki mbili, pima kifua kikuu. Jino bovu na kidonda kisichopona navyo vinapandisha. Una selimundu au upungufu wa damu? Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinaweza kukudanganya, kwa hiyo tusikitegemee peke yake. Na wewe kijana mwembamba unayeambiwa kisukari ni cha matajiri wanene: Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kisukari kinachotokana na utapiamlo kuwa aina ya tano. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekiorodhesha mwaka 1985 na kukiondoa mwaka 1999, kana kwamba wenye njaa waliacha kuugua. Kwako wewe kukatazwa chakula kunaweza kukuumiza. Njoo tuangalie upya.

Na wewe mkulima, kabla ya kuhamia shamba, chukua dawa za msimu mzima, si za wiki mbili, maana mafuriko yakikata njia hakuna bodaboda atakayekufuata kwenye kibanda. Usiingie majarubani peku kama miguu ina ganzi. Kagua nyayo kila jioni, au mwanao akukagulie. Kulima tangu alfajiri bila kula, huku umemeza Daonil, ni kutafuta kuzimia, basi sukari ya kawaida iwe mfukoni, na jirani wa shamba ajue kwamba ukianza kutetemeka na kuropoka hujalewa. Anayemeza vizuri apewe sukari kwenye maji. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe kituo cha afya.

Kuchoka pia kupo. Sindano kila siku, kidole kila siku, mgeni kukuuliza "bado hujapona?" kila siku. Mtu aliyechoka huacha dawa kimyakimya, kwa hiyo nikikuuliza unalalaje na nani nyumbani anajua dozi yako, sifanyi udaku. Chama cha Kisukari Tanzania, TDA, kipo tangu 1985, na watoto na vijana wengi wamepata insulini bure kupitia mipango yake. Mzazi aulize kliniki kabla hajauza mpunga. Mnaohudhuria kliniki siku moja tambuaneni. Wanne mkichanga mnaweza kununua kopo moja la stripi na kutumia mashine moja, mradi kila mtu awe na kisindano chake cha kidole, na stripi zikae kwenye kopo lake lililofungwa vizuri, mbali na mvuke wa jikoni.